Kikombe Alichokikataa Thoan

"Kaa hukohuko na matope yako," Thoan alisema bila kugeuka. "Mchele huu ni wa hekaluni."

Vịnh alisimama kwenye ngazi ya juu ya bwawa, akavua ndara zake na kuziweka kando kama mtoto aliyekaripiwa. Alikuwa ametembea asubuhi nzima kutoka kijiji chao cha Bến Hạc kuleta salamu za wazee wake hapa Đồng Sấu: kesho wageni wangefika mapema, wazee mbele na waimbaji nyuma, kwa ajili ya kiapo cha kila masika. Salamu alikwisha kuzifikisha na tambuu ya ukaribisho alikwisha kuitafuna. Lililobaki ni lile alilolibeba kifuani, nalo halikuwa na wa kuambiwa ila binti huyu aliyeinama majini, mikono imezama hadi viwiko, akisugua mchele wa kunata ndani ya kikapu cha mianzi.

"Hata kuniangalia?"

"Nikikuangalia mchele utamwagika."

"Na umwagike."

Akageuka. Hakutaka, lakini akageuka. Macho yao yalikutana, na Thoan akahisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, vilevile kama lilivyompanda mwaka ule wa kwanza walipokalishwa kwenye jamvi kuimbiana, waimbaji wanaume upande huu na wanawake upande ule. Tangu siku hiyo waliitana kaka na dada mbele za watu, kwa kuwa ndivyo waimbaji wa vijiji hivi viwili walivyokuwa. Na nyimbo zenyewe zilikuwa zimejaa viapo tupu: kiapo cha mlima, kiapo cha bahari, kiapo cha mwezi. Waliviimba kwa sauti tamu, wazee wakatikisa vichwa kwa raha, na hakuna aliyeona ni lini hasa viapo vile vilipotoka kwenye wimbo vikaingia kwenye damu.

Vịnh alishuka ngazi moja. "Binamu yangu yuko Hải Phòng, bandarini. Ana chumba. Nimemwambia tunakuja."

"Tunakuja akina nani?"

"Mimi na wewe. Nisikilize kwanza. Kesho tunakula kiapo kama wengine. Tunakunywa kikombe, tunaimba, tunacheka na watu. Keshokutwa alfajiri tunakutana kituoni, tunapanda treni, basi. Hakuna ugomvi, hakuna wa kutuzuia."

Thoan alitoa mikono majini, akaikung'uta polepole.

"Tule kiapo kwamba sisi ni ndugu wa tumbo moja, na keshokutwa tukaoane."

"Ni maneno, Thoan. Kila mwaka tunayasema. Wewe mwenyewe unayasema huku unawaza supu ya bata."

"Na uliyoniambia mimi usiku wa mwezi mpevu, nayo yalikuwa maneno?"

Vịnh akageuza macho kwenye ndara zake.

"Ulikata nywele zako, ukakata na zangu, ukazifunga pamoja," aliendelea. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Vịnh. "Ukaiita Mbingu isikie. Ukasema ukinigeuka radi ikupasue. Mimi nikakuamini. Sasa kesho, mchana kweupe, unataka kuiita Mbingu hiyohiyo uidanganye. Halafu nipande treni na wewe? Kinywa kilichoudanganya mzimu wa babu zake, mimi kitanionea aibu gani?"

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sijasema hivyo."

"Sasa unasema nini?"

"Bado sijui." Aliegemeza kikapu kiunoni, maji yakimchuruzika kwenye sketi. Alipompita pale ngazini, bega lake likamgusa mkono, na wote wawili wakasimama pumzi moja bila kutazamana. "Nikijua, utaona. Ila treni yako sipandi."

*

Thoan alimkuta baba yake hekaluni, akisugua vinara vya shaba kwa majivu. Mzee Bật alikuwa mtunza hekalu wa Đồng Sấu. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa mzimu mlinzi wa kijiji na kuufunga, yeye ndiye aliyechinja jogoo wa kiapo na kumimina damu yake kwenye pombe ya mchele. Hakuinua kichwa.

"Yule kijana wa Bến Hạc bado yuko?"

"Ameondoka."

"Alikaa sana bwawani kwa mtu aliyeleta salamu."

Thoan aliweka kikapu chini, akachukua kitambaa na kinara kingine, wakasugua pamoja. Kisha akasema, "Baba, mtu akiapa huku moyo wake unasema kingine, kosa ni lipi, la kuapa au la kuvunja?"

Mkono wa mzee ulisimama.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu masika iliyopita. Mnaimbiana watu wote wanasikiliza, ninyi mnaimba kana kwamba hakuna watu."

"Nyimbo zenyewe ni za viapo, baba. Ninyi ndio mlitufundisha."

"Nyimbo ni nyimbo. Kiapo cha wimbo si kiapo."

"Mbingu inajuaje kinywa kinachocheza na kisichocheza?"

Mzee Bật alishusha kinara. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. "Shangazi yako Lụa aliimba kama wewe, akanywa kikombe, kisha akamfuata mtu wa Bến Hạc. Hilo unalijua. Walipita kwa mlango wa nyuma, wakaenda kuishi mbali, chini kabisa ya mto. Ambalo hulijui ni kwamba watoto wao wawili niliwazika mimi. Baba yao mikono ilimwishia nguvu."

Thoan hakuwa amewahi kuambiwa ni nani aliyewazika. Alimkumbuka shangazi yake alivyorudi kuishi nao, mwanamke mkimya aliyekaa pembeni ya kila sherehe, asiyepokea mtoto wa mtu mapajani.

"Watu husema ilikuwa homa," alisema kwa sauti ndogo.

"Labda. Lakini shangazi yako hakusema homa hata siku moja, hadi anakata roho. Aliishi akijua alilolifanya, na kujua huko ndiko kulikomla." Aliinua macho, na Thoan akaona si hasira iliyokuwemo mle, ilikuwa hofu. "Kesho utakunywa kikombe kama wenzako. Baadaye nitakutafutia mtu mwema. Sitaki kuzika tena."

Binti alimaliza kinara chake, akakirudisha mahali pake mbele ya madhabahu. Alikuwa amekwisha kujua la kufanya. Lilimjia pale, katikati ya harufu ya udi na majivu.

*

Wageni walifika na ngoma, miavuli, na masinia ya tambuu na popoo yaliyofunikwa kwa kitambaa chekundu. Wazee wa vijiji viwili walisalimiana mlangoni, kila upande ukiuita mwingine "kaka mkubwa", hakuna aliyekubali kutangulia, hadi vijana wakaanza kucheka. Ndivyo ilivyokuwa tangu mto ulipovunja tuta, enzi za mababu, na watu wa Bến Hạc wakaja na mashua kuwatoa watu wa Đồng Sấu juu ya mapaa ya nyumba zao. Waliopona waliapa: tangu leo sisi ni tumbo moja, watoto wenu ni wetu, na ndugu hawaoani.

Ndani ya hekalu waimbaji walipiga magoti, wanaume kwa vilemba vyeusi, wanawake kwa sketi za hariri, kofia zao pana zimewekwa kando. Mzee Hoạch, mkubwa wa Bến Hạc, alisoma maneno kwa sauti ya kutetemeka. Mzee Bật alichota pombe yenye damu, akamkabidhi kila mmoja kikombe chake. Kila mmoja alisema yale yale: "Atakayeuvunja udugu huu, Mbingu isimfunike, Ardhi isimpokee," akanywa, akainama.

Zamu ikafika kwa Thoan. Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Upande wa pili wa jamvi Vịnh alikuwa ameshika chake tayari, anamtazama kwa macho ya mtu anayesihi.

Thoan akakiweka kikombe chini, taratibu, bila kumwaga tone.

"Sitakunywa," alisema.

Mzee Hoạch alitega sikio. "Masikio yangu yamezeeka, mjukuu wangu. Umesemaje?"

"Nimesema sitakunywa, mzee. Sitaki kuudanganya mzimu mbele ya uso wake."

Minong'ono ikaenea kama moto kwenye mabua. Mama mmoja wa nyuma, Mama Tẹo, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Si bure. Huyo keshaharibiwa, tumbo litasema."

Thoan aligeuka. "Mama Tẹo, tumbo langu lina njaa tu. Nimefunga tangu jana ili nisimame hapa nikiwa safi. Likisema kitu, litaomba wali."

Mtu mmoja akacheka, akajifunika mdomo. Mzee Bật alikuwa amesimama na kata ya pombe mkononi, uso umekuwa mweupe kama karatasi ya mchele.

"Thoan," alisema. "Kunywa."

"Baba, nikinywa nitakuwa nimeapa uongo. Ninampenda mtu wa Bến Hạc, wala simpendi kama kaka. Njia ya mlango wa nyuma naijua, shangazi aliipita. Mimi sitaipita. Naomba mzimu wenyewe unifungue, hapa, watu wote wakisikia. Ukikataa nitarudi kwenye jamvi, nitamwita kaka hadi nizeeke, na sitaolewa na mwingine. Hilo nalo naliapia."

"Mtu gani wa Bến Hạc?" aliuliza Mzee Hoạch.

Hakutaja jina. Alisubiri. Hakuwa amemwambia Vịnh lolote, na sasa aligundua kwamba katika yote aliyoyapanga usiku kucha, hili moja hakuwa na uwezo nalo. Kama Vịnh angeinua kikombe chake na kunywa, mambo yangeishia hapo.

Vịnh alitazama kikombe. Kisha akakishusha kwa haraka mno, pombe ikamrukia kwenye kanzu.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Na mimi sinywi." Akapangusa kanzu. "Jana nilikuwa nataka kunywa na kutoroka. Huyu ndiye aliyenizuia. Nadhani ni vizuri mjue."

Hapo kelele zikazidi. Mama Sợi, aliyewafundisha wasichana wa Đồng Sấu kuimba tangu wakiwa watoto, alikuwa akitikisa kichwa na machozi yakimtoka. Wengine walisema wafukuzwe, wengine wakasema bahati mbaya imeshaingia, mafuriko yatarudi. Mzee Hoạch aliinua mkono, akaushikilia hewani hadi wakanyamaza.

"Miaka yote nimesimama hapa nikiwatazama vijana wakinywa," alisema. "Sijui moyoni mwao kuna nini. Hata wajukuu wangu wa damu siwajui. Hawa wawili walau nimewajua leo. Kiapo cha wazee wetu hakikujengwa kwa vinywa vya uongo." Akamgeukia Thoan. "Lakini hakifunguliwi mikono mitupu. Mababu walitoa uhai. Wewe unatoa nini?"

"Sauti yangu," alisema Thoan.

Mama Sợi alitoa mguno kama aliyechomwa.

"Kuimba ndiko kulikotufanya ndugu. Nikifunguliwa, sitaimba tena kwenye jamvi hili wala jamvi lolote, hadi nife."

"Mwanangu, hujui unachosema," alisema Mama Sợi. "Sauti kama yako sijaisikia tangu nizaliwe. Utaitoa kwa ajili ya mwanamume?"

"Naitoa ili nisiishi kama shangazi Lụa, mama. Yeye alibaki na sauti, na hakuitumia."

"Na yangu," alisema Vịnh. "Si nzuri kama yake, lakini ndiyo niliyo nayo."

Mzee Hoạch akamtazama Mzee Bật. "Kaka mkubwa, mzimu ni wa kwenu. Sarafu ziko mikononi mwako."

Wote walijua angeweza kukataa. Mtunza hekalu asiporusha, hakuna anayerusha. Mzee Bật aliiweka kata ya pombe chini. Kisha akatoa madhabahuni kisahani cha udongo na zile sarafu mbili kuukuu, kila moja imepakwa chokaa upande mmoja. Moja nyeupe na moja nyeusi zikilala pamoja, mzimu umekubali. Nyeupe zote, mzimu unacheka na kutaka uulizwe tena. Nyeusi zote ni hapana. Hata baada ya hapana mtunza anaweza kurusha tena, lakini mara tatu tu, si zaidi.

Akawasha udi, akanong'ona, akarusha. Sarafu zikalia kwenye kisahani, zikazunguka, zikalala. Nyeupe zote.

Akarusha tena. Safari hii zililala haraka, kana kwamba zilikuwa na hasira. Nyeusi.

Thoan alikaza vidole kwenye jamvi. Alikuwa ameahidi kukubali jibu, na angelikubali. Alianza kujizoeza pale pale neno kaka, akilirudia kimoyomoyo, na kila aliporudia lilikwama.

Mzee Bật hakuokota sarafu. Alivua kilemba chake cha utunza hekalu, akakiweka sakafuni, akapiga magoti kichwa wazi mbele ya madhabahu. Sauti yake ilipotoka, hakunong'ona.

"Mzimu mlinzi, na ninyi mababu wa vijiji viwili. Mimi Bật ndiye niliyemlea binti huyu, na ni mimi niliyemfundisha kutosema uongo mbele yenu. Kama kuna adhabu ya kufungua fundo hili, isiende kwa watoto atakaowazaa. Ije kwangu. Nisikilizeni mimi, mniadhibu mimi. Wadogo muwaache."

"Baba, usi—"

"Nyamaza, naongea na wakubwa."

Akaokota sarafu. Akaziachia.

Moja ililala mapema, nyeupe. Nyingine ilikimbia ukingoni mwa kisahani, ikayumba, ikaanguka.

Mzee Hoạch alisogea na macho yake mabovu, akainama hadi pua ikakaribia kisahani. Akainuka taratibu.

"Nyeusi," alisema. "Moja nyeupe, moja nyeusi. Mzimu umekubali."

Hakuna aliyeshangilia. Watu waliinama, kijiji hiki na kile, vipaji vya nyuso chini. Mzee Bật alibaki amepiga magoti, mabega yanacheza, na ilimchukua Thoan muda kuelewa kwamba baba yake alikuwa analia.

*

Adhuhuri nyimbo zilianza ndani. Thoan alikaa nje barazani, mgongo ameegemeza nguzo. Msichana mwingine alikuwa ameshika nafasi yake, na kila mara mstari ulipofika mahali sauti ya Thoan ilipozoea kupanda, aliuma midomo. Iliuma kuliko alivyotazamia, na alijua kesho itauma tena.

Vịnh alitoka, akaja kuketi karibu naye, si karibu sana.

"Unajuta?" aliuliza.

"Nasikiliza." Alifuta macho kwa kiganja. "Usiniulize leo."

"Ungeniambia jana unachotaka kufanya."

"Ningekuambia, ungefanya kwa sababu nimekuambia."

Vịnh akasogea kidogo. Mkono wake ulikuja ukakaa juu ya ubao kando ya mkono wa Thoan, vidole vikagusana, na hakuna kati yao aliyeuondoa wake, ingawa kina mama wa jikoni walikuwa wakipita na masufuria, wakitazama mara mbilimbili.

Mzee Bật alitoka, kilemba mkononi. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imerudi.

"Wewe. Mama yako anajua?"

Vịnh alisimama mara moja. "Hajui, mzee. Yuko nyumbani, miguu inamsumbua."

"Basi wahi ukamwambie wewe, kabla hajaambiwa na wapita njia. Halafu mje na tambuu. Mbichi. Msiniletee majani yaliyonyauka, nimeshaaibika vya kutosha leo."

"Ndiyo, mzee."

Thoan naye akasimama, akakung'uta sketi. "Naenda naye."

"Wapi?"

"Kwa mama yake. Nilianza mimi, na mimi niwepo akisikia."

"Hujaolewa bado. Watu watasema nini wakikuona barabarani na mwanamume?"

"Watuone, baba. Ndiyo maana naenda mchana, kwa njia ya juu ya tuta."

Mzee alimtazama binti yake, akamtazama kijana, kisha akaingia ndani. Vịnh alianza kusema kitu, Thoan akamzuia kwa mkono. Mzee akarudi na kofia pana ya Thoan, akaipuliza vumbi, akamvisha yeye mwenyewe na kumfunga kamba za hariri chini ya kidevu, kwa vidole vizito visivyozoea kazi hiyo.

"Jua kali," alisema. "Nendeni."